Kitufe cha Kijani

3 Februari

Kidole wangu,

Salamu nyingi. Habari za huko na za kazi? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha ngazi zote nilizopanda na kopo la rangi mkononi. Kompyuta uliyoniachia inanifaa sana. Barua zako nazikuza kama ulivyonionyesha, mpaka kila herufi inakuwa kubwa kama kidole gumba.

Nina swali dogo. Kliniki ya macho ya hospitali yetu siku hizi haiandikishi watu dirishani, ni kwenye ukurasa wao wa mtandaoni tu. Nimejaza jina, nimejaza umri, nimechagua siku. Halafu basi, hakuna kinachofuata. Ndiyo imekwisha hivyo? Usiwe na wasiwasi, ni miwani tu imechoka.

Mjomba wako


5 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini magoti yametulia. Nimecheka peke yangu hapa ofisini, maana ukurasa huo ni kazi ya mkono wangu! Niliupanga mwaka jana, na ninajivunia: unajipanga wenyewe kufuata upana wa kioo, uwe wa simu au wa kompyuta. Hata mtoto anaweza kuutumia. Shuka chini kabisa utaona kitufe cha kijani kimeandikwa Thibitisha. Kibonyeze, mambo yamekwisha.

Samahani kwa ufupi, Ijumaa tunakabidhi kazi.

Mpwa wako,
Kidole


21 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu, na nikikupigia simu unanisimulia habari za mvua. Jana nimepigiwa na kinyozi jirani yako. Bango jipya ulilomchorea linasomeka KIYOZI. Amelitundika hivyo hivyo, wateja wanacheka na yeye anacheka nao, ila hajathubutu kukwambia.

Mjomba, wewe hukosi herufi. Tangu mama alipofariki ukanichukua, ulikuwa ukinisimamisha ng'ambo ya barabara nikusomee kila bango kabla hujashuka ngazini. Daktari alisema nini? Niambie kweli.

Kidole


24 Aprili

Kidole wangu,

Marahaba zote tatu, nilikuwa nimekuwekea. Wewe hujambo? Unalala vizuri?

Daktari sijamwona. Kitufe chako nimekitafuta mpaka nikaanza kusema nacho. Nikikuza herufi nizione, ule ukanda wenye jina la hospitali unanenepa kule juu, na ule wa matangazo unanenepa chini, katikati panabaki mwanya kama wa sanduku la barua. Nikizirudisha ndogo, labda kitufe kipo, lakini kwangu ni ukungu mtupu. Nikajiambia nimeshaandikishwa. Siku niliyochagua nikavaa shati la kupigwa pasi, nikakaa kwenye benchi lao tangu asubuhi. Mwandikishaji akaniambia kwa upole kwamba jina langu halimo, nirudi nyumbani nikajaze upya. Nimejaza mara nne.

Ningekwambia. Lakini uliposema ni kazi ya mkono wako, na kwamba hata mtoto anaweza, nikaona kasoro ni mimi. Nitaisemaje vibaya kazi yako?

Jicho la kushoto limekuwa kama dirisha lililopakwa chokaa. La kulia bado linanihurumia. Kinyozi wa watu, kumbe alikuwa anajua.

Mjomba wako


26 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimekuandikisha mimi mwenyewe: Jumatano, saa tatu asubuhi. Kinyozi atakusindikiza, nimeshamwomba, usibishane naye.

Kisha nikafanya ulivyofanya wewe. Nimeukuza ukurasa wangu hadi mara nne ya ukubwa wake. Ule mwanya, nilidhani umeutia chumvi. Kitufe kipo chini ya ukanda wa matangazo, kimefunikwa chote. Mtu akikuza, ukurasa unadhani kioo kimekuwa chembamba kama cha simu, nao unajipanga upya. Hilo ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Kosa ni langu: nilizigandisha kanda zote mbili zisisogee kwa sababu zilipendeza machoni pangu, na sikuwahi hata siku moja kuukuza nione utakuwaje.

Nikamwendea msimamizi wangu. Akasema ratiba imejaa, akauliza ni watu wangapi hasa wanaokuza kiasi hicho.

Nikamwambia, "Ni ukurasa wa kliniki ya macho."

Akavuta kiti, akaniambia nimwonyeshe.

Nisamehe, Mjomba. Si kwa kitufe peke yake. Nisamehe kwa ile "hata mtoto anaweza".

Kidole


12 Mei

Kidole wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama, na umekula.

Jana nimejiandikishia siku ya kurudi hospitali, mimi mwenyewe, kwenye ukurasa wako uliourekebisha. Nilikuza mpaka kompyuta ikakataa kukuza zaidi. Maneno yakashuka mstari chini ya mstari, hakuna lililotoka nje wala lililofunikwa. Ndivyo nilivyokuwa nikiyapanga kwenye ukuta mwembamba. Kitufe nikakibonyeza, kikaniambia asante, nami nikakijibu.

Sasa habari yenyewe. Daktari ni binti wa umri wako. Amesema ni presha ya macho. La kushoto halitarudi. La kulia tunaweza kulishika, nikitia dawa asubuhi na jioni siku zangu zote.

Najua utakachouliza, maana hata mimi kilinijia palepale kitini: ile miezi karibu mitatu, ndiyo iliyolichukua la kushoto? Daktari alikuwa ananitazama, na ningemuuliza angenijibu. Nikalimeza swali. Nikamuuliza dawa naihifadhi wapi.

Mimi sitaki kulijua jibu, na wewe usimpigie simu kulitafuta. Nimekulea, najua namba umeshaishika mkononi. Iweke chini, mwanangu.

Omba ruhusa uje mwisho wa mwezi, unitilie wewe yale matone ya jioni. Nikitia mwenyewe, nusu yanaishia shavuni, na kinyozi akipita mlangoni anadhani nalia.

Mjomba wako