Ulimchukua Baba, Ukamwacha Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na duka linakwenda vizuri. Mimi ni mzima. Tangu mama aanguke nimehamia kwake na cherehani yangu, nashona huku namwangalia. Upole wangu unaishia hapo.

Ulipokuja kumchukua baba, pensheni yake ndiyo kwanza imeanza kutoka, ulituambia wazee wanahitaji kuwa karibu na hospitali. Nikauliza, na mama je? Ukajibu lazima mtu abaki aangalie nyumba. Nyumba gani, ndugu yangu? Hii inayovuja mpaka kitandani? Baba alitengeneza mitambo ya maji ya serikali, akastaafu na malipo yake. Mama amelima maisha yake yote, na jembe halina pensheni. Basi mmoja akawa mzazi, mwingine akawa mlinzi.

Nilipokuja kwenu kumjulia hali, nilimkuta baba stoo, kitanda kimebanwa kati ya makopo ya rangi na mifuko ya saruji, anakohoa vumbi. Aliniuliza habari za mama hata sijakaa. Nikamuuliza wifi hospitali wanakwenda lini. Akacheka, akasema mzee hana ugonjwa wowote.

Kisha mama akateleza kisimani, goti likateguka. Alilala pale kwenye tope mpaka jirani alipokwenda kuteka maji. Nikakupigia simu. Ukasema biashara ni ngumu, utakuja mambo yakitulia. Hukujua baba yuko nyuma ya mlango wako, anasikia kila neno; amenisimulia mwenyewe.

Sasa nikwambie. Juzi uliponipigia unalia kwamba mzee ameaga anakwenda kwa kinyozi na hajarudi, nikakwambia sijamwona. Nilikudanganya. Alikuwa hapa mbele yangu, amekaa ukingoni mwa kitanda, anamkanda mama goti. Aliposikia sauti yako akaweka kidole mdomoni. Nikakuficha kwa kumheshimu yeye, na kwa hasira zangu mwenyewe. Nilitaka na wewe ulale hujui mzazi wako yuko katika hali gani.

Harudi huko. Amesema pensheni yake ataipokea kwa mkono wake, na itatumika chini ya paa analolala mkewe. Nikawaomba wote wawili wahamie kwangu. Akanigeukia na mimi: "Nawe usianze kunigombania. Mimi si shamba." Fundi wa paa ameshaitwa, na tangu asubuhi baba anabishana naye kuhusu misumari.

Ukija, lete nguo za baba na lile koti lake la kazini. Hayo maneno yako ya kutaka kutuita kikao cha familia yaache hukohuko.

Nibusie watoto. Mama anakusalimu sana, anasema uvae vizuri, huko kwenu kuna baridi. Baba nimemuuliza kama ana salamu zako. Amesema bado anazitafuta.

Ni mimi dada yako,
aliyekubeba mgongoni.