Anayezama Sebuleni Kwetu

Rehana, posa imeharibika.

Unaijua ile picha ya rangi za mafuta ya baharia anayezama, pale sebuleni. Baba aliichora kwa ajili ya kitabu cha mabaharia, enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na wachapishaji binafsi wakaanza. Bahari hajawahi kuiona, akaenda Lamadi kuchora ziwa na sura za wavuvi.

Sasa leo mama yake Elia kaja na wazee wao kuniposea mwanawe. Hata salamu hajamaliza, kaikazia macho picha. "Huyu anayezama ni kaka yangu Masunga."

Na Masunga alizama kweli. Mwaka uleule wa picha. Mwili haukupatikana.

Baba akasema, "Nilimchora akiwa mzima. Alikuwa anacheka, ananiambia niongeze mawimbi."

Mama yake Elia kaisogelea picha. Halafu kauliza polepole, "Kwa hiyo wewe ndiye ulimzamisha kwanza?"

Ulimzamisha kwanza. Mbele ya wazee, Rehana.

Wameondoka, wali hawajaugusa. Elia hapokei simu.

Baba kaishusha picha, yuko nayo uani anachanganya rangi. Nimemuuliza anafanya nini. Kasema anampandisha kwenye boti.