Feni Mbili Katika Boksi Moja

Malindi, Unguja

Kwako mume wangu Wakil,

Huku wazima. Goti la mama yako limetulia, na bomba la uani linatoa maji tena.

Ile kompyuta uliyonitumia vipande vipande kutoka Maskati, nipate kutengenezea kadi za harusi, niliiunganisha mwenyewe kwa kufuata video, ikakataa kuwaka. Nikabadilisha waya, nikachomoa memori nikairudisha. Feni inazunguka, kioo cheusi. Nilipochoka nikaipeleka kwa fundi, huko Mlandege. Akaing'oa feni, akaniuliza, "Bi Saadiya, prosesa iko wapi?" Chini yake, panapokaa huo ubongo wa kompyuta, palikuwa patupu. Mimi boksini nilikuta feni mbili, nikadhani ya pili ya akiba.

Jana alasiri akapiga hodi mwanamke wa Mtoni, Bi Rahila, mpole, mjamzito. Aliyetuletea mizigo ndiye aliyemwelekeza kwangu. Mkononi ana prosesa.

"Mimi nimekuta mbili hizi, feni sina," akasema. "Wakil kachanganya alipokuwa akitufungia."

Nikampa feni yake. Nikampa na chai, maana alidhani nnajua.

Hapana atakayesema hukutugawia sawa. Yangu sasa inawaka, na yake naamini inawaka. Nimechoka tu, Wakil, wala sina la kugomba.

Kadi ya kwanza nimetengeneza ya harusi yenu, kwa kuwa sikualikwa. Nimeitia humu ndani ya bahasha. Tazama kama majina nimeyapatia.

Mimi mkeo wa Malindi,
Saadiya