Bao Ambalo Hatukulishangilia

Nalufenya, Jinja
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Nakupigia goti kutoka huku mbali, wewe pamoja na Mama. Je, kidonda cha mguu kimefunga? Mama bado anakunyima sukari kwenye chai, au umeshapata wa kukuonea huruma? Nasikia mvua imezidi upande wa Wanale na njia zinateleza. Tafadhali Mama asipande shambani peke yake.

Mimi mwili hauna ugonjwa. Bado niko kwenye mashine za nyuzi, na pamba inanijaa puani mpaka nikipiga chafya Bwana Jagdish, msimamizi wetu, anasema ninaiba mali ya kiwanda. Moyo ndio hauko sawa, Baba.

Masaba alirudi kutoka huko wiki jana. Nikamuuliza, "Baba amesema nini?" Akakaa kitandani, akavua viatu polepole, akasema, "Amesema, mwambie dada yako nimesikia."

Basi, hakuna zaidi. Ungenitukana, ningelala. Lakini mimi nimelelewa katika nyumba za askari magereza, najua ukisema "nimesikia" mlango umefungwa na ufunguo unao wewe. Ndiyo maana naandika. Umesikia kwa watu, hujasikia kwangu.

Unajua timu yetu, hii anayochezea Masaba, huwa inacheza Jumamosi saa kumi. Mpira huo ndio ulionipa watu hapa Jinja. Nilipofika sikumjua mtu, nilikuwa nakula huku nikitazama ukuta. Aliyeniita jukwaani ni Afande Okello, yule Mwacholi aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye alikuwa akibeba marobota kiwandani kwetu. Alinivika ngoma shingoni akasema, "Piga, binti. Hapa hata ukilia hakuna atakayejua." Tangu siku hiyo ngoma ya mashabiki ni yangu.

Kisha ikaja televisheni. Jumamosi na Jumapili walikuwa na mpira wa Ulaya wa kuonyesha, na usiku uwanja wetu hauna taa. Basi mechi zetu zikahamishiwa Jumatano saa nane mchana. Viongozi wa timu wakakubali bila kutuuliza, na saa nane watu wa zamu ya mchana tuko kwenye mashine.

Kwako wewe ilikuwa baraka, najua. Tangu wakukate mguu hukuwa umemwona Masaba akicheza hata mara moja. Ameniambia mwenyewe jinsi Jumatano ya kwanza ulivyovaa shati jeupe lililopigwa pasi, ukakubali kusukumwa kwenye toroli hapo Malukhu mpaka dukani kwa Mzee Hassan kwenye televisheni yake, wewe uliyeapa kwamba hutabebwa kama gunia mbele ya watu. Kila mpira ulipomfikia ulisema, "Huyo wangu!" mpaka Mzee Hassan akakuambia, "Afande, tumeshajua." Nilicheka niliposikia, halafu nikaenda nje nikalia.

Jumatano ya pili Okello alishindwa kuvumilia. Uwanja uko karibu na kiwanda. Mashine zikisimama kidogo, kelele za mpira zinaingia mpaka ndani. Akaruka ua, yeye na wenzake wawili. Waliporudi walikuta majina yao yamekwisha kusomwa getini. Wamefukuzwa. Bwana Jagdish mwenyewe hakuweza kututazama. "Mimi nafanya nini?" alisema. "Amri natoka juu."

Tulikwenda kwa meneja wa timu. Akatuambia televisheni inauletea mji sifa, na sisi tutazoea. Tulipotoka pale watu walikuwa wanagombana barabarani, huyu anataka mawe, yule anataka twende kwa mbunge. Mimi ndiye niliyesema, "Wao wanataka picha. Tuwanyime picha. Jumatano ijayo asiingie mtu." Baba, watu huko wanakuambia nilifuata mkumbo. Sivyo. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Masaba alikuja chumbani kwangu, hakukaa.

"Dada, unajua Baba anatazama."

"Najua."

"Ataniona nacheza mbele ya saruji tupu."

"Ni siku moja tu."

"Na watu wa televisheni wakikasirika wasirudi tena?"

"Si ndilo tunalolitaka?" nikamjibu. Nilijibu upesi mno, ndipo nikauona uso wake. Chakula nilikuwa nimekwisha kupakua. Akaondoka bila kukigusa.

Jumatano ilipofika nilibadilishana zamu na mwenzangu, kwa hiyo ningeweza kuingia kama ningetaka. Tulisimama nje ya ukuta, watu wengi kuliko nilivyotegemea, hata wauza ndizi walifunika vikapu vyao wakaja. Tulikuwa na kitambaa kirefu tulichoandika "JUMAMOSI NI YETU". Tulikubaliana tukae kimya mpaka mwisho, ili mitambo yao isipate hata kelele ya kurusha. Ndani tulisikia mpira ukipigwa na wachezaji wakiitana majina. Sijawahi kusikia mechi namna hiyo. Ilikuwa kama watu wanaohama nyumba.

Kipindi cha pili filimbi ikalia, kisha sauti chache zikapanda. Askari wa getini, anayenifahamu, akatoka mbio. "Nambozo! Ni ndugu yako! Amefunga!"

Watu wote wakanigeukia. Ngoma ilikuwa shingoni. Okello akanisogelea akasema polepole, "Piga, binti. Kwa hili hakuna atakayekulaumu." Na ni yeye aliyefukuzwa! Nikatazama wale wenzake wawili, nikamtazama mke wake akiwa na mtoto mgongoni. Nikaweka viganja vyote viwili juu ya ngozi ya ngoma, nikaibana isitoe hata mlio. Sikupiga. Yule askari akasema Masaba alikuwa amekimbilia upande wa jukwaa letu mikono juu, kama kawaida yake. Alipofika akasimama, akashusha mikono, akarudi katikati akitembea.

Najua hilo pia uliliona.

Televisheni haikurudi. Meneja alikasirika sana, lakini Jumamosi ikarudi, saa kumi kama zamani. Wale wawili wakarudishwa kazini. Okello hawakumchukua, walisema yeye ndiye kiongozi. Sasa anachoma mahindi karibu na geti, na anapiga saluti kila Bwana Jagdish akipita, mpaka yule mzee anabadilisha njia. Jumamosi ya kwanza jukwaa lilijaa, wakaninyanyua juu mabegani. Nilicheka kwa mdomo. Masaba alicheza vizuri, lakini tangu siku ile akifunga hakimbilii tena upande wetu.

Ananiambia kwamba Jumatano iliyofuata ulivaa shati lako, ukasukumwa mpaka kwa Mzee Hassan, akawasha televisheni, ikatokea kwaya. Ukasikiliza nyimbo mpaka zikaisha, ukaomba urudishwe nyumbani. Baba, neno hilo linanila. Nikiwa kwenye mashine linakuja, nikiwa kanisani linakuja. Leo kwaya yetu ilipoinuka kuimba nilitoka nje.

Ukiniuliza kama ningefanya tena, sitakudanganya. Nikimwangalia Okello, ndiyo. Nikikufikiria wewe kwenye kiti hicho dukani, siwezi kujibu. Nilijua wewe utaumia, nikaendelea. Sikukusahau, Baba. Ningekusahau ingekuwa afadhali. Nisamehe kwa hilo la kujua.

Kuna jambo naomba, ingawa sistahili. Bao lile sikuliona. Masaba nikimuuliza anasema, "Ni bao tu." Mashabiki wote tulikuwa nje. Katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako uliyeliona. Nitakuja Pasaka. Ukiwa tayari, nikalishe mkekani karibu na kiti chako unisimulie, alipiga kwa mguu gani, mpira ulipita wapi, na wewe ulisema nini. Usipotaka, nitakaa jikoni na Mama nimenye matooke, sitakusumbua.

Nisalimie bibi yetu Kukhu, umwambie dawa yake ya macho nimepata. Msalimie dada yako, Senge wa Malukhu, na watoto wake wanaopenda kuvunja vikombe. Mzee Hassan mpe heshima zangu zote, na asante kwa kiti alichokuwa anakuwekea mbele. Mama nimemwekea kitambaa, rangi sitaji. Masaba anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni anashona kiatu chake, na ameuliza naandika nini. Nimemwambia, naandika kwa Baba. Giza linaingia, naye amesogeza taa karibu nami.

Nimekomea hapa, nikiwa nimepiga goti.

Mwanao wa kwanza,
Nambozo