Mitungi na Toleo la Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimecheka mbele za watu huku naogopa. Wale tunaowalipa programu yetu ikae kwenye kompyuta yao wameandika tena: kesho wanazima toleo la saba la lugha ya kompyuta niliyoandikia programu ya karakana yetu ya mitungi. Kuanzia hapo ni toleo la nane tu. Wanadai walishatuonya. Ni kweli — nilikuwa nafuta bila kusoma, nikidhani ni matangazo.

Mama Bosi kauliza kama kuna shida. Nikajipiga kifua. Mama, nimeosha sahani kwenye meli za mataifa ambayo wengine wanayajua kwa stempu tu, kimbunga hakikunitisha, nitatishwa na namba nane? Akacheka. Dereva naye akacheka. Mama akasema basi amwite mpwa wake mwenye digrii aje atazame. Nikamwambia huyo kijana amwache na digrii yake, wasije wakachafuana.

Bi Simu, anayepokea simu za wateja, hakucheka. "Na orodha, kaka?" Nikamjibu orodha ni mtoto wangu, haiwezi kunikana.

Na ni mtoto wangu kweli. Shule niliikimbia kabla haijanifukuza. Lugha hii nimejifunza kwenye mabweni ya mabaharia, kwa kunakili mistari ya watu na kubadilisha majina. Kabla yangu hapa walikuwa wanapeleka mitungi ya oksijeni kwa anayepiga kelele zaidi. Sasa mteja anapiga simu, Bi Simu anaingiza masaa yaliyobaki kwenye mtungi wake, programu inapanga — mwenye masaa machache juu — na Dereva anaona majina kwenye simu yake kwa mpangilio huo. Majina tu. Masaa nimemficha makusudi. Ana huruma mno yule, angeanza kuchagua.

Watu wanapumua kwa mistari yangu. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni mama alipotutoka, ni mmoja wao. Ndiyo maana naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Skrini nyeupe. Si onyo, si kosa, si herufi moja. Nyeupe kama shuka la wodi.

Bi Simu anaandika wateja kwenye karatasi. Dereva anapigiwa kila anaposimama. Nimesema ni marekebisho ya kawaida.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiambia programu iyaandike makosa yake kwenye skrini ili nione kinachoendelea. Afadhali ningebaki kipofu. Skrini imejaa wekundu mpaka chini, nikishusha unaendelea.

Toleo la saba lilikuwa na malezi ya bibi. Unaliambia lihesabu kitu ambacho hakipo, linanung'unika kidogo kisha linajibu sifuri, maisha yanaendelea. Unasahau alama za kufunga neno, linajiongeza, linaelewa ulichotaka. Hili la nane ni askari wa zamu. Kuhesabu kisichokuwepo? Linagoma na kuzima nyumba nzima. Neno lisilofungwa? Halilijui, lirudi lilikotoka. Na ile dawa yangu ya siri — ile alama ya a yenye mkia, niliyokuwa naibandika mbele ya mstari mbovu ili unyamaze — haizibi tena makosa makubwa. Nilikuwa nimeibandika kila mahali. Kumbe programu yangu ilikuwa inapiga yowe miaka yote, mimi nimeifunga mdomo tu.

Mama Bosi amepita nyuma yangu mara kadhaa, akiutazama tu wekundu. Angesema ningejua pa kushika. Mpwa wake mwenye digrii kanitumia ujumbe mwenyewe: mjomba, nikusaidie? Sikumjibu. Ujinga wangu naujua ulipo, lakini kuuonyesha kwa mtoto aliyekuwa akinivua viatu alipokuwa mdogo sijaweza.

Ijumaa, 7 Machi

Programu imesimama tena kwa miguu yake. Nimeshika mstari mmoja mmoja, nikitukana kwa lugha za bandari zote. Mchana Bi Simu kaingiza mteja, jina likatokea kwa Dereva. Akapiga honi huko nje kama harusi.

Wekundu umekwisha. Sehemu ya kupanga majina sikuigusa hata kidogo — haikulalamika. Kisicholalamika ni kizima. Nimewanunulia wote soda, na Mama Bosi kaniita Profesa kwa mdomo wake. Nilivimba mpaka mlango ukawa mdogo.

Lakini moyo haujatulia. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna mteja wetu, mzee mstaafu wa Posta anayekaa ghorofani, aliyezoea kunitania kwamba barua zake zilikuwa zinafika haraka kuliko mitungi yetu. Leo Dereva kamkuta midomo imebadilika rangi. Wamemkimbiza hospitali. Anapumua, ila hatambui mtu.

Dereva aliingia ofisini bila kuvua kofia. "Profesa, mzee wa watu kapiga simu asubuhi na mapema. Imekuwaje nikamfikia mwisho?"

Mama Bosi katuita sote. Bi Simu akaeleza kwamba mzee hakujua masaa mangapi yamebaki, alikuwa anahema tu. "Nikaandika *inaisha*, kama kaka alivyonifundisha."

Na nilimfundisha. Siku zile za mwanzo aliniuliza: mtu akipaniki, hajui namba, niandike nini? Nikamwambia aandike neno lolote. Tukajaribu na *inaisha*, jina likaruka juu kabisa. Bi Simu akapiga makofi. Nikasema nimeitengeneza hivyo kwa makusudi, mashine inaelewa shida za watu. Uongo. Sikujua kwa nini iliruka. Ilitokea tu, nikaipokea sifa yake.

Leo ningeweza kusema ngojeni nitazame. Badala yake nikasema: Mama, mashine haina usingizi wala chuki, inapanga inachopewa. Kama haikupewa, haikupewa. Nikaongeza maneno mawili matatu ya kitaalamu ambayo hata mimi siyajui yanaishia wapi.

Bi Simu kaambiwa akae nyumbani kwanza. Akachukua mkoba, akachukua na mto wa kiti chake. Angenitukana ningepata usingizi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Dada. Amekaa kitandani kaegemea mito, mrija puani, anamwongoza shemeji namna ya kukunja mashuka. Shemeji anakunja kama anafunga mzigo wa kuni. Nikawaambia kwenye meli ya kwanza niliyopanda shuka linakunjwa kwa miguu. Dada akacheka, akakohoa, akaniashiria ninyamaze, akacheka tena.

"Mtungi huu haumalizi kesho," akasema. "Nitampigia Bi Simu wangu asubuhi."

Nikamwambia hayupo, kapumzishwa.

"Na nani?"

Nikasema ni mambo ya ofisi tu.

"We mtoto," akasema, kila neno na pumzi yake. "Unajikuna sikio. Tangu mdogo. Ukinidanganya, unajikuna sikio." Akafumba macho kidogo. "Yule mama nikikohoa tu kwenye simu anajua ni mimi. Umemfanya nini?"

Nikaaga mapema. Nikasema nina kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewekwa mimi kwenye simu. Kiti cha Bi Simu bila mto kinauma. Sikujua kazi hii ni hivi. Watu hawapigi simu kusema namba, wanapiga simu kuogopa. Mmoja kaanza kulia kabla sijasema hujambo.

Asubuhi wakunga wa ile zahanati ndogo walipiga. Kichanga, kazaliwa kabla ya siku zake, mtungi uko mwishoni. Nikaandika *inaisha*. Kabla yao alipiga mke wa fundi cherehani, mumewe anapumua kwa mrija kama Dada. Naye hajui masaa. *Inaisha*. Kisha shemeji.

"Shemeji, mshale uko kwenye nyekundu."

Masaa mangapi?

"Mimi nitajuaje? Naona nyekundu tu."

*Inaisha*. Nikamwambia atulie, yuko juu kabisa, amchemshie Dereva chai. Nilisema vile kwa sauti ya kiume, ofisi nzima isikie. Ofisi yenyewe nilikuwa peke yangu.

Baada ya chakula akapiga tena. Gari halijafika. Chai imepoa. Nyuma yake nilisikia Dada anahema — mfupi, mfupi, mfupi.

Nikampigia Dereva. Uko wapi? Yuko upande wa viwandani, kashusha mtungi kwa bibi mmoja ambaye alikuwa bado na wa kumfikisha kesho. Nikamuuliza na Dada yangu je?

"Dada yako? Yuko chini, Profesa. Wa mwisho kabisa."

Nikafungua orodha kamili, yenye masaa, ambayo naiona mimi peke yangu na ambayo sikuwa nimeifungua tangu Ijumaa kwa sababu ya soda na sifa. Juu, namba ndogo. Chini yake namba kubwa. Chini ya namba zote, mwisho wa dunia: *inaisha*, *inaisha*, *inaisha*.

Nikaelewa nikiwa nimesimama. Sikumbuki kusimama.

Toleo la saba likikutana na neno mahali pa namba, lilikuwa linalifanya sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko zote, basi linakwenda juu. Huo ndio uchawi niliojisifia. La nane halifanyi hivyo. Neno ni neno. Linalilinganisha na namba herufi kwa herufi, kama maneno mawili, na kwa hesabu hiyo herufi zinakuja baada ya tarakimu. Kwa hiyo anayekata roho anawekwa nyuma ya mwenye mtungi mzima. Bila kosa, bila wekundu. Nilihangaika na mistari iliyopiga kelele, huu ulikuwa unaua kimyakimya.

Mzee wa Posta. Bi Simu na mto wake kwapani.

Kurekebisha ni kitu kidogo cha kuaibisha: unaliambia hilo toleo kwanza ligeuze kila kitu kuwa namba, neno liwe sifuri kama zamani, ndipo lipange. Orodha ikapinduka mbele yangu. Watatu wakaruka juu.

Mama Bosi alikuwa mlangoni. Nikamwambia yote, bila neno la kitaalamu hata moja. Hakunigombeza. Aliuliza ghalani kuna mitungi mingapi mizima. Upo mmoja. Akaubeba na mlinzi hadi kwenye gari lake dogo. Nikachukua kofia. "Wewe kaa hapo," akasema. "Orodha yako haiaminiki tena. Lazima mtu aisome kwa macho."

Nikampigia Bi Simu. Nikasema dada yangu, kosa ni langu, si lako, lilikuwa langu tangu Jumamosi. Akauliza: "Nani yuko kwenye simu sasa hivi?" Mimi. "Mungu wangu," akasema, akakata.

Dereva akapiga. Ana mitungi miwili mizima kwenye gari, majina matatu juu. "Profesa, naona imebadilika. Nianze na nani? Sema wewe, mashine ni yako."

Fundi cherehani wa kwanza. Kichanga wa pili. Dada wa tatu. Hili toleo la nane lina adabu moja ambayo la saba halikuwa nayo kwa uhakika: walio sawa linawaacha kama walivyokuja. Hawa wote ni sifuri. Wamekuja hivyo. Kidole changu kilikuwa juu ya jina la Dada. Kulipandisha ni kugusa tu. Dereva asingejua. Hakuna ambaye angejua.

"Fuata orodha," nikasema.

"Dada yako wa tatu."

"Nimeona. Mama anakwenda kwake na gari lake. Wewe fuata orodha."

"Sawa, kaka." Hajawahi kuniita kaka.

Mama Bosi anatoka ghalani, njia ni ndefu, na leo ni Jumatatu, barabara zimejaa. Dereva alikuwa karibu zaidi na kwa Dada kuliko kwa fundi cherehani. Hilo nililijua niliposema.

Bi Simu amefika. Hakunisalimia. Ameweka mto kwenye kiti, nimempisha, nimekaa sakafuni na daftari hili kwa sababu mikono lazima ifanye kitu. Yuko na shemeji kwenye simu. Anamwambia amwinue Dada akae wima, asimlaze. Afungue dirisha. Apunguze mkondo wa oksijeni ili idumu, kidogo, kidogo tena, hapo hapo. Sauti yake kama anaelekeza mtu namna ya kumwaga uji.

"Niwekee simu mdomoni kwake," anasema. "Hapana, asiongee. Mwambie akohoe tu, mimi nitamjua."

Nimeuliza vipi. Amenyoosha kiganja kunizuia, macho ameyafumba, simu ameigandamiza sikioni.

Anasikiliza.