Mukono Wangu wa Kushoto

Kambi ya wagonjwa, karibu na Kasongo

Mama yangu mupendwa,

Salamu zangu zikukute hapo Kabambare unapepeta mupunga na kugombeza kuku. Mugongo wako iko namna gani? Na wewe Saidi, mutoto wa baba mukubwa, unayemusomea Mama barua hii, soma kwa sauti na usiruke kitu. Ninakujua!

Mimi niko muzima. Nimenenepa, uso unang'aa, na kwa mupira hakuna wa kunishinda kambi nzima. Hata barua za wazee ni mimi ninaziandika, wananiita Karani. Mwalimu aliyenifukuza shuleni aje aone.

Sasa habari yenyewe. Muganga wetu alitukusanya barazani akasema: "Serikali ya Wazungu, Bula Matari, imeweka sheria mupya. Mutu ambaye bukoma bwake bumelala anaweza kurudi kwao. Vidonge atavipata huko huko, muganga akipita na baisikeli."

Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikaruka mbele, wa kwanza kupimwa. Kupimwa ni hivi: unafunga macho, anakugusa na unyoya wa kuku, unasema ni wapi. Mukono wa kuume nilijibu vizuri. Kwa ule wa kushoto nikatumia akili.

"Kidole gumba!" nikasema. "Sasa katikati! Sasa kidole kidogo!"

Nikafungua macho. Unyoya uko nyuma ya sikio la muganga.

"Karani," akasema, "sijakugusa bado."

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, Mama, lakini kidogo.

Akanieleza polepole. Bukoma bumelala kweli, ila vidole vya kushoto havitasikia tena. Juzi nilishika sufuria ya moto, nikajua kwa harufu tu. Kwa hiyo haniachi niende mpaka mutu wa kwetu aje mwenyewe, akubali kuniangalia mikono na miguu kila jioni, kidonda kisioze bila mimi kujua. "Na nani atakuja kwa ajili yako?" akauliza.

"Mama yangu," nikajibu, kifua mbele kama kawaida.

Halafu nikakumbuka siku niliyotoka nyumbani. Uliniwekea wali kwa sahani ya peke yangu, mbali na sinia ya wengine. Sikukasirika, Mama. Baba mudogo alikuwa anaangalia, na tangu Baba afariki yeye ndiye anasema nyumbani. Lakini hapa muganga anakula nasi sinia moja, miaka yote, na ngozi yake iko safi. Ukija, umwangalie vizuri, hataona haya.

Na sombe yako ya majani ya muhogo nimeitamani, hata ile unayoiunguza ukianza kupiga masimulizi na majirani.

Unisalimie dada yangu Zaina, na bibi, mama ya baba, umupigie kelele jina langu kwa sikio lile linalosikia. Baba mudogo umusalimie kwa heshima. Ile nyumba aliyotaka kunijengea peke yangu kule mutoni, aweke mbuzi.

Panda lori la pamba, Mama, uje. Utanikuta barazani, nimefunga macho. Usiseme kitu. Shika huo huo mukono wa kushoto.

Nitajua ni wewe. Muganga aseme anavyotaka.

Mimi mutoto wako,
Ramazani, Karani wa kambi