Kadi Ngeni kwenye Laptopu ya Mtumba

Ndugu yangu, huko hospitalini dada yangu wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, na mimi niko kwa fundi nakodolea macho laptopu ya mtumba!

Aliomba kitu kimoja tu, kwa vile niko mbali, anione sura kwa video kabla hawajampasua. Kamera ya simu yangu si ilikufa? Ndiyo maana nikanunua hili dude. Kumbe halishiki wifi.

Jana niling'oa kadi ya wifi mwenyewe, nikapachika nyingine, ile ya kwanza nikaitupa. Nikaitupa!

Fundi kacheka: "Mzee, mashine hii haikubali kadi ngeni. Ile uliyotupa ilikuwa nzima. Swichi tu hapa ubavuni ilizimwa."

Swichi! Nchi zote nilizozurura nilipokewa, leo kadi yangu ndiyo inafukuzwa mlangoni.

Mpwa wangu analia kwenye simu: "Mjomba, washa basi! Mama anauliza kama umeota mvi." Kisha nikasikia mlango unafungwa. Nimeusikia kabisa, unafungwa.

Sasa ni jioni. Dada ametoka, hajaamka. Mpwa yuko naye, kaniandikia ujumbe huo tu, hapokei simu zangu. Laptopu nimemwachia fundi. Mimi niko ndani ya basi kwenda kwake, nitafika kesho.